Jembe la mgeni wa Idjwi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakivuka ziwa Kivu toka mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenda kujitolea kisiwani Idjwi, swali langu ni hili: jembe gani? Letu, au lile walilokuja nalo? Wengi waliondoka vita vilipofika mjini Februari 2025, na watakaporudi tuwe na jibu.

Wako wanaosema wasirudi kabisa, na wana sababu. Niliwahi kuwa mkalimani wa kikundi kilichokaa wiki tatu kisiwani, kikapaka rangi darasa. Fundi wa kijiji alishinda pembeni ameshika ndoo. Kazi ilikuwa yake, na hakupata hata franka moja. Mama aliyewapokea aliwaachia kitanda, yeye akalala mkekani na watoto. Kila jioni alikwenda kukopa mchele dukani, maana aliona haya kuwapa bugali na sombe (majani ya muhogo) siku zote. Waliondoka wakimkumbatia, deni hawakulijua. Mimi nililijua nikanyamaza, na mpaka leo linaniuma.

Hata hivyo sithubutu kusema wasije. Tangu shule za msingi za serikali ziwe za bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Na sisi wenye diploma tunaozunguka Kadutu, hapa Bukavu, tukitafuta kazi, ni wangapi tungekubali kuhamia Idjwi kwa mshahara wa mwalimu? Anayemfukuza mgeni aseme kwanza nani atashika chaki.

Kwangu mimi, kinachoamua ni muda. Wamarekani wa Peace Corps, shirika la serikali yao linalotuma watu wa kujitolea, waliofanya kazi Zaire (Kongo ya leo) tangu 1970 hadi 1991 walifundishwa lugha kwanza, kisha wakakaa miaka miwili. Kule Bandundu na Kasai walichimba mabwawa ya samaki bega kwa bega na wakulima. Mtu wa miaka miwili anaugua malaria, anagombana na jirani, anasamehewa. Anajifunza kwamba bibi wa Idjwi, akitaka kusema la moyoni, analisema kwa Kihavu, lugha ya kisiwa. Wa wiki tatu hapati nafasi hata ya kuambiwa amekosea.

Kwa hiyo masharti yatoke kwa kamati ya wazazi, si kwa waliomtuma mgeni: akae mwaka mzima wa shule, fundi wetu alipwe, na deni la mchele wa mama liishe kabla mgeni hajapanda boti.