Kompresheni ya 11 kwa 1 na petroli ya leo: ishushwe au iachwe?

Chevelle SS ya mwaka 1970, gari la Chevrolet, kampuni tanzu ya General Motors, yenye injini ya LS6 ilitoka kiwandani na namba mbili ambazo wapenzi wa magari ya misuli ya Kimarekani wamezikariri: nguvu za farasi 450 na kompresheni ya 11.25 kwa 1, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda hubanwa hadi ujazo wake upungue mara 11.25. Ya kwanza huleta majigambo, ya pili huleta shida, kwa sababu petroli ambayo injini ile ilitengenezewa haipo tena kwenye pampu za kawaida. Mwaka 1971 General Motors walishusha kompresheni ya injini zao ili zikubali petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa. Magari ya 1970 kurudi nyuma yakabaki na injini zao kali, na wenye kuyamiliki hadi leo wanabishana: tuishushe kompresheni ili gari litembee barabarani bila wasiwasi, au tuiache kama ilivyozaliwa?

Kiini cha ugomvi ni oktani, kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Thomas Midgley aligundua mwaka 1921, akiwa kwenye maabara ya General Motors, kwamba kampaundi ya risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga, na kwa nusu karne wahandisi walipandisha kompresheni wakiegemea ugunduzi huo. Sumu yake ilijulikana mapema, lakini Marekani haikuipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani hadi 1996. Leo petroli bora ya pampu huko ni 91 au 93 kulingana na jimbo, na California mara nyingi huishia 91. Msomaji wa huku asichanganyikiwe: namba ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, na huku kwetu hutajwa kimoja tu, RON. 91 ya California ni karibu sawa na 95 ya RON.

Injini ikigonga, kinachotokea ni hiki: plagi imekwisha kuwasha moto, lakini mchanganyiko uliobaki upande wa mbali wa chumba unabanwa na kupata joto mpaka unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mlio wake ni kama kokoto ndani ya kopo. Ukiachwa uendelee, pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi, gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) huungua, beringi za konrodi huumia. Gari la kisasa lina sensa ya kusikiliza kugonga huko na kompyuta ya kurudisha taimingi nyuma papo hapo, yaani kuchelewesha cheche. Chevelle haina. Sensa yake ni sikio la dereva, na dereva huyo kwa kawaida ameshafunga silensa zinazonguruma kiasi kwamba hawezi kusikia kokoto zozote.

Wanaosema iachwe wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Hoja yao bora, kwa maoni yangu, haihusu thamani ya gari hata kidogo. Inahusu ukweli wa namba yenyewe. Kompresheni zilizoandikwa kwenye vitabu vya wakati ule zilikuwa za karatasini. Ndani ya injini halisi, pistoni mara nyingi ilisimama chini zaidi ya uso wa bloku (mwili wa injini wenye silinda), na chumba cha hedi kilikuwa na ujazo mkubwa kuliko ule wa michoro. Ukipima, inayoitwa 11.25 inaweza kuwa nusu pointi chini, wakati mwingine hata zaidi. Kwa hiyo mtu anayeagiza pistoni mpya kabla fundi hajamimina kimiminika kwenye vyumba vya hedi kwa bureti (mrija wa kupimia ujazo) na kupima kina cha pistoni, huenda anatibu ugonjwa asiokuwa nao. Na ikumbukwe injini iliyofanyiwa oveholi huenda imekwenda kinyume: hedi zikichongwa na uso wa bloku ukasawazishwa, kompresheni hupanda.

Hoja yao ya thamani naiona dhaifu. Mnunuzi wa gari la namna hii huchunguza namba zilizogongwa kwenye bloku, tarehe za hedi, kabureta. Hakuna anayefungua injini kuangalia pistoni.

Kisha wana zana zao. Ya kwanza ni kununua petroli ya mashindano na kuichanganya tangini, jambo linalofanya kazi vizuri, ila bei yake hupita mara mbili ya ile ya pampu na huipati kila mji. Ya pili ni E85, petroli yenye ethanoli nyingi. Oktani yake inapita 100 ya RON, na ethanoli inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia, hivyo 11 kwa 1 kwake si kitu. Lakini inahitaji takriban asilimia 30 zaidi ya mafuta kwa ujazo, maana yake kabureta lazima irekebishwe kabisa, na mipira na gasketi za enzi zile haziipendi. Zaidi ya hapo, vituo vyake vimejaa majimbo ya mahindi katikati ya Marekani na ni vichache sehemu nyingi nyingine. Ukifunga injini kwa E85, umejifunga kwenye ramani ya vituo hivyo.

Kunyunyizia maji na methanoli nako kunapendekezwa, na si mzaha. Oldsmobile waliuza Jetfire mwaka 1962, gari la kawaida la dukani, lenye tabochaja na kompresheni ya 10.25 kwa 1, na chupa ya mchanganyiko wa maji na methanoli ulionyunyiziwa ndani ya injini ili isigonge. Mfumo ulifanya kazi. Wenye magari ndio waliosahau kujaza chupa.

Zana iliyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa zaidi, ni kuzungusha distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kidogo na kurudisha taimingi nyuma. Hapo ndipo kambi ya “iachwe” inaponipoteza. Cheche ikichelewa, moto unawaka wakati pistoni imekwisha anza kushuka. Joto ambalo lingesukuma pistoni linakwenda kwenye ekzosi na kwenye maji ya rejeta, na gari linaanza kuchemsha kwenye foleni. Mwenye gari amelinda 11 kwa 1 yake kwenye mazungumzo, huku akipoteza kwenye taimingi nguvu ileile aliyokuwa akiilinda, pengine na zaidi.

Na nguvu hiyo ni kiasi gani hasa? Hesabu ya kitabuni ya ufanisi wa injini ya petroli inatoa takriban asilimia 62 kwa kompresheni ya 11.25 na asilimia 59.4 kwa 9.5. Hakuna injini halisi inayofika huko, ila uwiano kati ya namba hizo mbili ndio unaotufaa: tofauti ni kama asilimia 4. Kwa LS6 ni farasi wasiofika ishirini kati ya 450. Barabarani, ambako matairi ya gari hili hushindwa kushika lami kabla injini haijamaliza kazi, farasi hao hakuna atakayewakumbuka.

Lakini kuna kushusha na kushusha. Njia ya mkato ni kuweka gasketi nene ya hedi. Namba inashuka kweli, na injini inaweza kuendelea kugonga vilevile. Sababu ni kwamba sehemu bapa ya hedi na sehemu bapa ya pistoni zinapokaribiana, kwa kama milimita moja, hukamua mchanganyiko kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, mchanganyiko ukavurugika na kuwaka upesi. Gasketi nene inaua mkamuo huo. Moto unazubaa, na ule mchanganyiko wa pembeni unapata muda wa kulipuka wenyewe. Kompresheni huondolewa kwa pistoni yenye bakuli juu yake, au kwa chumba kikubwa zaidi cha hedi, huku nafasi ile ya milimita moja ikilindwa.

Jambo la pili, ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, ni kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu. Namba ya 11.25 inahesabiwa kana kwamba silinda inaanza kubana pistoni ikiwa chini kabisa. Haianzi hapo. Valvu ya kuingiza bado iko wazi pistoni inapoanza kupanda, na hewa haibanwi mpaka valvu ifunge. Kamshafti ya mashindano huifunga kwa kuchelewa, hivyo injini ikizunguka polepole hubana hewa kidogo. L88, injini ya Corvette ya Chevrolet ya 1967 hadi 1969, ilikuwa na 12.5 kwa 1 pamoja na kamshafti ya aina hiyo na hedi za alumini. Hata hivyo Chevrolet walimwonya mwenye gari asitumie petroli chini ya 103 ya RON.

Basi angalia makosa mawili yanayofanana. Mmoja anaiacha 11 kwa 1, halafu kwa ajili ya starehe ya mjini anaweka kamshafti laini inayofunga valvu mapema. Mgandamizo halisi unapanda na injini inagonga kuliko zamani. Mwingine anashusha hadi 9 lakini anaacha kamshafti kubwa kwa sababu anapenda mtetemo wake kwenye taa nyekundu, na gari linakuwa zito kuondoka. Kamshafti na kompresheni huchaguliwa siku moja, au kusichaguliwe kitu.

Mimi nikiulizwa, gari linalotoka kila wiki, linalokaa kwenye foleni za joto na kujazwa mafuta popote lilipo, lingepimwa kwanza, kisha liwekewe pistoni za 9.5 kwa 1 kama hedi ni zile za chuma za kiwandani, na kamshafti inayolingana nazo. Linalotoka mara chache kwa mwaka, na mwenyewe anaweka pipa la petroli ya mashindano gereji, sioni sababu ya kuligusa. Katikati yao wapo wenye hedi za alumini: alumini hupitisha joto kwa kasi kuliko chuma, na mafundi wengi huwakubalia karibu pointi moja zaidi ya kompresheni kwa petroli ileile. Hao wanaweza kubaki kwenye 10 na ushee, wakahifadhi hedi za asili rafuni kwa ajili ya mnunuzi wa baadaye, na kuzipaka mpya rangi ya chungwa ya Chevrolet ili wakosoaji wa maonyesho wapate kazi kidogo ya kuzitambua.