Nadai Dola Tano kwa Mwaka Hadi 2029

Duka moja la vifaa vya michezo hapa Saint Paul, Minnesota, limeniandikia barua pepe likiniita "mwanafamilia mpendwa" na kunijulisha kwamba pointi zangu za uaminifu zimefutwa, kwa kuwa muda mrefu umepita bila mimi kununua kitu. Sina ugomvi na kufutiwa pointi. Mtu aliyezoea maisha ya huku, pamoja na zile simu za nyumbani zinazoijua tarehe ya mshahara kuliko mwenye mshahara, hashtuki tena akifutiwa kitu. Kilichonichoma ni kuhubiriwa uaminifu na watu walewale walioniuzia jezi ya Ryan Suter.

Mambo yenyewe mnayakumbuka. Tarehe 4 Julai 2012 timu yetu ya hoki ya barafuni, Minnesota Wild, iliwasajili Zach Parise na Ryan Suter kwa mpigo, kila mmoja kwa mkataba wa miaka 13 wenye thamani ya dola milioni 98. Parise ni mzaliwa wa Minneapolis na baba yake aliichezea North Stars, timu ya zamani ya jimbo hili. Suter alikuwa beki anayekaa kwenye barafu hadi mtazamaji anamwonea huruma. Mimi nikapiga hesabu, nikaona miaka 13 ni ahadi ndefu kuliko yoyote niliyowahi kupewa na mwajiri au mwenye nyumba, basi nikanunua jezi ya kijani yenye jina SUTER na namba 20 kwa dola 195, bei ambayo mama watoto aliambiwa ni 60.

Tarehe 13 Julai 2021 wote wawili waliachwa, tena kwa mpigo uleule, mikataba ikiwa imebakiza miaka minne. Umri ulikuwa umesogea, hesabu za mishahara zilikuwa zimebana, na timu mpya ya Seattle ilikuwa njiani kuja kuchukua mchezaji mmoja kutoka katika klabu nyingi za ligi, wakati mikataba ya wazee hawa iliilazimisha klabu kuwakinga wao wasichukuliwe, kabla ya kuwakinga vijana. Ninaelewa yote hayo, kwa sababu mimi ni mtu mzima mwenye staha, na ni kwa staha hiyo nilikwenda dukani nikiwa nimevaa koti la kanisani juu ya sare ya zamu ya usiku.

Kijana wa kaunta alinisalimu vizuri, akaitandaza jezi, akaniomba risiti. Nikamwambia sikuja kurudisha jezi bali nimekuja kulipwa fidia. Akauliza fidia ya nini. Nikamweleza, polepole kama wakili anayesoma wosia mbele ya warithi wengi, kwamba kwa kanuni za NHL, yaani ligi hiyo ya hoki, klabu inayovunja mkataba wa mchezaji aliyefikisha miaka 26 humlipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, na malipo hayo hugawanywa kwa miaka mara mbili ya ile iliyokuwa imebaki. Minne ya Suter ikawa minane, ndiyo maana yeye na Parise wataendelea kuwamo katika hesabu za Minnesota hadi msimu wa 2028-29. Jezi hii nayo, nikasema, niliinunua kwa dola 195 kwa ahadi ya miaka 13, yaani dola 15 kwa mwaka. Miaka tisa imetumika. Iliyobaki ni minne, sawa na dola 60, ambazo theluthi mbili yake ni 40. Zigawe kwa miaka minane upate dola tano kwa mwaka. Sizitaki zote leo. Nipeni dola 20 za malimbikizo ya misimu minne iliyokwisha, na zilizobaki tuandikishane.

Kijana yule, na kwa hili nampa heshima yake, alichukua kikokotoo akahakiki hatua kwa hatua, akakuta sijakosea hata senti. Kisha akamwita meneja.

Meneja, mama mmoja mwenye funguo nyingi shingoni, alinisikiliza hadi mwisho, akasema duka halibebi maamuzi ya klabu na kwamba haya mambo ni biashara tu, nisiyaweke moyoni. Nikamwuliza, kama ni biashara tu, nimekuwaje mwanafamilia katika barua? Akajibu kwamba barua hutumwa na kompyuta. Halafu, kwa tabasamu la mtu anayekufanyia hisani, akanishauri nilipe dola 35 jina libanduliwe, na nikiongeza kidogo libandikwe la Kirill Kaprizov, nyota wa timu yetu, ambaye Septemba 2025 alitia sahihi nyongeza ya miaka minane kwa dola milioni 136, mkataba mnono kuliko wote katika historia ya ligi. Nikauliza atakuwa na umri gani mkataba huo ukiisha. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kukohoa, lakini kijana wa kaunta alikwisha kukokotoa: miaka 37. Nikamwomba meneja aniandikie kwenye karatasi yenye mhuri kwamba siku hiyo Kaprizov atakuwa bado yuko hapa. Badala ya karatasi, akaniletea jezi ya mfano iliyobanduliwa jina, na kweli herufi hazikuwepo, ila kitambaa kilichokuwa chini yake hakikupauka, kwa hiyo jina lilisomeka vizuri kuliko zamani. Yaani nilipe dola 35 ili Suter aandikwe upya kwa kijani kibichi!

Hapo sauti ilinipanda, koti la kanisani likasahauliwa. Suter mwenyewe hana shida hata kidogo! Alipoachwa hapa, Dallas ilimchukua kwa miaka minne, na mwaka 2024 nayo ikamwacha ukiwa umebaki mmoja, akaenda St. Louis; kwa hiyo msimu wa 2024-25 klabu tatu zilikuwa zikimlipa mtu mmoja. Mimi nimepunguzwa kazi katika ghala mbili, na ya pili ilinidai fulana. Misimu miwili mfululizo Minnesota ilibeba karibu dola milioni 14.7 za hawa wawili, zaidi ya sehemu moja ya sita ya kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila klabu, kwa wachezaji wasiokanyaga barafu yetu. Mchezaji alilipwa, klabu ikapata nafasi ya vijana, na mimi niliyekuwa nikitazama timu iliyokatwa sehemu ya sita sikuona tiketi ikipunguzwa hata robo dola.

Meneja alinikumbusha kwamba hata Wayne Gretzky, gwiji wa hoki, aliuzwa Los Angeles Agosti 1988, mara tu baada ya kuiletea Edmonton kombe la nne, hadi mbunge mmoja wa Kanada akaitaka serikali izuie. New York ilimlipa kipa wake Henrik Lundqvist aondoke mwaka 2020 baada ya misimu 15. Nahodha wa Boston, Brad Marchand, alipelekwa Florida Machi 2025, na Juni akanyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, akiwa huko. Huyo angalau aliwajibu waliomwacha.

Nilitoka na jezi yangu ndani ya mfuko wa plastiki, na kituoni nikamkuta mzee mmoja amevaa kofia ya North Stars, timu iliyohamishiwa Dallas mwaka 1993, ambayo haikuacha mchezaji bali jimbo zima. Nilimweleza hesabu zangu. Akasema yeye pia hajalipwa, kisha akaniuliza huyo Suter alikwenda wapi. Nilipomtajia Dallas, alianza kuitukana Dallas kwa ufasaha wa mtu aliyejiandaa kwa miaka 30, nami nilikuwa bado namwitikia basi lilipotupita bila kusimama, tukalikimbiza sote wawili kwenye theluji tukiliita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.