Gari la Zamani Si Sababu ya Kufungiwa Kioo Kibovu

"Weka tu chochote kaka, gari lenyewe la zamani hili."

Muuzaji wa vioo alimwambia hivyo kijana mmoja pale Gerezani, Dar, wiki iliyopita, mimi nimesimama pembeni nasubiri bushi zangu. Kijana alikuja na Toyota Altezza RS200 ya rangi ya fedha, gia za mkono, imetunzwa vizuri, ila kwenye kioo cha mbele ufa ulikuwa umeanzia upande wa abiria ukapanda hadi karibu na kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Akauliza swali la maana kabisa: vioo hivi viwili vinatofautiana nini mpaka bei zipishane hivi? Akajibiwa hilo la "chochote". Nilishindwa kunyamaza pale dukani na nimeshindwa kunyamaza hapa.

Nianze na huo uzamani. Altezza ilitoka mwaka 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka huko Japani msimu wa 1998–1999, na ikaendelea kutengenezwa hadi 2005. RS200 ya gia za mkono ina spidi sita na injini ya 3S-GE inayotoa nguvu farasi 210 kutoka kwenye lita mbili bila turbo. Mhandisi mkuu wake alikuwa Nobuaki Katayama, na wenye magari haya wanajua alikusudia nini: gari la milango minne ambalo dereva anafurahia kuliendesha. Miaka ishirini na kitu baadaye bado lina kasi ile ile, na jiwe linaloruka kutoka kwenye tairi la lori la Tunduma halitampunguzia kasi mtu kwa kuwa gari lake lina umri. Bodi ikishazeeka ndiyo kwanza inahitaji kioo kilichoshikamana sawasawa, maana kioo cha mbele cha magari haya kimebandikwa kwa gundi na ni sehemu ya ugumu wa bodi. Anayesema gari la zamani linastahili kioo duni kageuza mambo juu chini.

Sasa ubora. Watu wengi wakisikia kioo bora wanafikiria kioo kisichovunjika upesi. Jiwe likikipata vizuri hata kioo kilichotoka kiwandani na gari kitapasuka. Ubora wa kioo cha mbele uko zaidi kwenye kile unachokiona kupitia kioo hicho, na hapa ndipo magari ya kispoti yanapoteseka kuliko Hiace na Coaster. Kioo cha Hiace kimesimama. Cha Altezza, Celica au MR2 kimelala. Kioo kikilala, macho yako hayapiti ndani yake moja kwa moja, yanapita kwa mshazari, na kosa dogo la kiwandani ambalo kwenye Hiace usingeliona maisha yako yote linakuzwa mbele ya uso wako.

Kosa lenyewe linatokea hivi. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vyenye utando wa plastiki katikati, kwa kawaida wa unene wa milimita 0.76 hivi. Vioo vinapashwa moto mpaka vilainike, vinakunjwa kwa umbo la gari, kisha vinabanwa pamoja na utando wao kwa joto na mgandamizo. Moto usipokuwa sawa, au umbo la kukunjia likiwa limechoka, uso wa kioo unabaki na mawimbi. Vioo viwili visipolingana, unene unapishana kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kiwanda kisichopewa michoro na kampuni ya gari kinalazimika kupima kioo kilichopo na kukinakili, na kwa modeli iliyoacha kutengenezwa 2005 hakuna anayewasimamia kwa karibu. Matokeo yake yanatua Kariakoo yamefungwa karatasi, na kwenye karatasi yake kila kioo ni kizuri.

Binamu yangu alifungiwa kioo cha namna hiyo. Mchana hakuona kitu. Usiku, akitoka Morogoro kuja Dar, kila lori lililokuja mbele yake lilikuwa na taa nne: mbili za kweli, na juu yake kidogo mbili hafifu zinazozifuata. Kwenye barabara ya njia mbili, na bodaboda zisizo na taa pembeni, akawa anapoteza muda kuamua taa ipi ni taa. Alipofika Chalinze kichwa kilikuwa kinamgonga, akapaki alale kwenye gari mpaka alfajiri. Akaenda kupima macho. Daktari akamwambia macho yake hayana tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kioo, na kilikuwa kipya kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, toa kioo nje. Sio kukitazama kikiwa kimeegemezwa ukutani ndani ya duka lenye giza. Watu wawili wakishike, wakilaze kwa mlalo ule ule kitakaokaa kwenye gari, wewe usimame nyuma yake hatua moja au mbili, na utazame kitu chenye mistari iliyonyooka: grili ya dirisha, bati la migongo, kuta za tofali. Halafu sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia. Kwenye kioo kizuri mistari inatulia. Kwenye kibaya nondo za grili zinapinda na kunyooka kama unaziangalia kupitia mvuke wa sufuria. Pembezoni kabisa, karibu na nguzo za bodi zinazobeba paa, hata kioo halisi cha kiwandani kinaweza kuwa na kupinda kidogo, hilo nakubali shingo upande. Lakini eneo la mbele ya dereva, pale waipa zinapofuta, lisiwe na wimbi hata moja. Muuzaji akikasirika kwa kuambiwa akitoe kioo nje, mwache na kioo chake.

Nembo zisome, lakini usiziabudu. Pembeni chini kuna maandishi. Kioo cha mbele kwa viwango vya Marekani kinaandikwa AS1, maana yake pamoja na mengine kinapitisha mwanga usiopungua asilimia 70. Ukiona AS2 kwenye kitu unachouziwa kama kioo cha mbele, ondoka. Kwa viwango vya Umoja wa Mataifa kunakuwa na duara lenye E na namba ya nchi iliyotoa idhini: E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza, E43 Japani. Kando yake utaona 43R, ambayo ni namba ya kanuni yenyewe ya vioo vya usalama, usiichanganye na namba ya nchi. Vioo vingi vilivyokuja na magari yetu kutoka Japani vimeandikwa LAMISAFE, ni vya Asahi. Ila nembo ni maandishi tu juu ya kioo, na mwenye nia mbaya anaweza kuyachora. Grili ya dirisha haichakachuliki.

Na hapa lazima niwape Wachina haki yao, ingawa nimeona vioo vyao vibovu vingi. Fuyao ya Fujian inauzia vioo makampuni makubwa ya magari duniani, na imefungua kiwanda Moraine, Ohio, ndani ya majengo yaliyokuwa ya General Motors. Kioo kutoka China kinaweza kuwa kizuri kuliko vyote pale dukani. Kwa hiyo "cha China" na "cha Japani" peke yake hayakwambii kitu. Tazama.

Cha mtumba kilichotolewa kwenye gari lililokatwa nusu? Mara nyingine ndicho chaguo bora kwa gari la umri huu, kwa sababu umbo lake ni la kiwandani. Kielekeze kwenye jua la saa kumi na moja jioni uone kama mchanga wa barabarani umekitoboa vitundu vidogo, maana hivyo vitakupofusha ukielekea magharibi. Angalia kingo zote kama kuna weupe kama maziwa kati ya vioo viwili, hapo utando umeanza kuachia. Pitisha ukucha ukingoni mzunguko mzima. Kipande kidogo kilichomeguka pembeni wakati wa kukitoa ndicho kitakachozaa ufa siku utakayopaki juani Mwenge kisha uwashe AC mpaka mwisho.

Ukienda kuulizia na ukaambiwa cha Altezza hakipo, ulizia cha Lexus IS200. Ulaya gari hili hili liliuzwa kwa jina hilo, na katalogi nyingi za vioo zinalijua hivyo tu. Beba namba ya chesesi, SXE10 au GXE10 na tarakimu zake zote, na picha ya kioo chako cha sasa inayoonyesha mahali pa kioo cha kati na utepe wa juu wa kukinga jua.

Sasa gundi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi ya yote. Kuna mafundi wanaofunga kioo cha mbele kwa silikoni. Ile ya madirisha ya alumini na masinki ya bafuni. Silikoni haina nguvu ya kushika kioo gari likigonga. Ajali ya mbele inapotokea, mfuko wa hewa wa abiria kwenye magari mengi unapanda kwanza, unajigonga kwenye kioo, ndipo unarudi kumpokea abiria. Kioo kisipokuwa imara kinasukumwa nje na mfuko unakifuata, na aliyekaa pale anakutana na dashibodi. Aliyekaa pale kwa kawaida ni mke wako, au mama yako unayemrudisha kutoka hospitali. Tena silikoni nyingi za bei nafuu zinatoa asidi ya siki zinapokauka, ndiyo ile harufu inayokwea puani, na asidi hiyo inakula chuma. Fundi atakayekuja baadaye na gundi sahihi atakuta mabaki ya silikoni yanaizuia gundi yake isishike. Ukinusa siki kwenye gari lako siku ya kufungiwa kioo, simamisha kazi pale pale.

Gundi inayotakiwa ni ya polyurethane ya vioo vya magari, pamoja na dawa zake za kusafishia na kuandalia uso. Soma tarehe ya kuisha muda kwenye tyubu, maana ikipita haishiki inavyotakiwa hata kama inatoka laini. Inakauka kwa unyevu wa hewani, ndiyo maana kwa joto lile lile kazi ya Dar inakamaa haraka kuliko ya Dodoma wakati wa kiangazi. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa na mtengenezaji wa gundi. Fundi hana mamlaka ya kuupunguza kwa sababu foleni ya wateja ni ndefu. Acha dirisha moja wazi kidogo usiku huo, maana mlango ukifungwa kwa nguvu hewa ya ndani inakisukuma kioo nje ya gundi mbichi.

Kwenye magari haya ya zamani kuna jambo la chini ya kioo ambalo hakuna anayependa kulizungumzia: kutu. Kioo kikishatoka, simama mwenyewe uangalie fremu mzunguko mzima, hasa pembe za chini ambako majani na vumbi vinajikusanya. Ukiona rangi imevimba, ikwanguliwe mpaka chuma cheupe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke, hata kama gari litalala hapo. Gundi iliyopakwa juu ya kutu imeshika kutu, na kutu litabanduka na kioo chako. Pale ambapo hakuna kutu, fundi mzuri haondoi gundi yote ya zamani. Anaichonga ibaki kama milimita moja au mbili na kupaka mpya juu yake, ili kisu kisichubue rangi ya fremu.

Waipa badilisha siku hiyo hiyo. Tinti ya mbele usiweke. Na wenye bima kubwa, soma kipengele cha vioo kabla hujasaini, uone wanalipa mwisho shilingi ngapi na nani anachagua kioo. Nimeona mtu analipia bima kubwa ya gari analolipenda kisha anapelekewa kioo cha bei ya chini kuliko vyote, na hakuuliza chochote kwa sababu "bima ndiyo inalipa". Uliza. Una haki ya kukataa kioo chenye mawimbi hata kama hela haijatoka mfukoni mwako.

Wenye maduka ya vioo, ombi langu kwenu ni dogo na halina gharama kubwa. Tengenezeni stendi ya mbao nje ya duka, yenye mlalo wa kioo cha gari dogo, ikitazama ukuta uliochorwa mistari ya chokaa. Mteja akija, kioo kiwekwe pale, asimame nyuma yake atazame kwa dakika tano bila kuharakishwa. Anayeuza kioo kizuri atauza zaidi, na bei yake hakuna atakayembishia.