Aina ya Ua: Waridi

Fundi mmoja wa kujenga uzio aliponiomba nimtengenezee fomu ya mtandaoni ambayo wateja wangejaza ili kuomba makadirio ya gharama, nilikubali kwa majivuno ya mtu ambaye hajawahi kuchimba hata shimo moja la nguzo. Mzee huyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipokea kazi kwa simu na kuandika vipimo nyuma ya risiti za saruji, alinieleza mahitaji yake kwa dakika tano: aina ya uzio, urefu, idadi ya malango, hali ya ardhi na namna ya kumpata mteja. Mimi niliona hata dakika hizo tano ni nyingi.

Fomu ilikamilika jioni ileile. Chini ya swali la "Urefu wa uzio kwa mita" nilificha hesabu niliyoionea fahari kuliko kitu kingine chochote: fomu iligawanya urefu kwa 3, kwa kuwa mzee husimamisha nguzo kila baada ya mita 3, ikapandisha jibu hadi namba kamili, kisha ikaongeza nguzo 1, maana mstari wa uzio huanza kwa nguzo na kumalizika kwa nguzo. (Uzio unaozunguka eneo na kujifunga wenyewe hauhitaji nguzo hiyo ya ziada, lakini hilo nilikuja kuambiwa baadaye, tena kwa sauti ya juu kidogo.) Niliijaribu fomu mara 7, na mara zote 7 aliyejaza alikuwa mimi, kwa hiyo haishangazi kwamba tulielewana vizuri sana.

Mteja wa kwanza aliandika kwamba urefu ni 2. Fomu ikapiga hesabu bila kusita na kumtumia mzee jibu: nguzo 2. Mzee alishuku jambo, akataka kumpigia simu mteja amuulize, lakini hapo pia nilikuwa nimemtangulia. Sehemu ya simu nilikuwa nimeiamuru ipokee namba tupu, na jedwali la majibu, likikuta sifuri mwanzoni mwa namba, huihesabu kuwa si kitu na kuitupa. Mzee alipiga namba kama ilivyoandikwa, akajibiwa kwamba haipo, akapakia nguzo zake 2 na kipande cha wavu wa waya kilichoweza kubebwa kwapani, akaondoka.

Alichokikuta ni shamba lenye mzunguko wa mita 120 na mwenye shamba aliyekuwa amekwisha kufyeka mpaka wote kwa ajili ya kumpokea. Mteja alizitazama zile nguzo kwa muda, kisha akauliza kwa adabu kama zilikuwa sampuli. Mzee, ambaye hapendi kumwaibisha mtu hata asipokuwepo, alisema ndiyo.

Jioni alinipigia simu. "Kijana," alisema kwa upole uliotisha, "hebu nieleze, urefu ni nini?"

Nilianza kujibu, nikanyamaza. Barabara ni ndefu, na mtu ni mrefu. Moja imelala, mwingine amesimama, na Kiswahili kimewapa wote wawili neno moja. Mteja alikuwa ameeleza kwa usahihi kabisa uzio wake uende juu kiasi gani. Usiku huohuo niliongeza swali jipya, "Kimo", nikalala nikiwa nimeridhika.

Mteja aliyefuata alijaza urefu wa mita 45, na kwenye kimo akaandika: "Sentimita 172, bila viatu." Nusura mzee aagize wavu wa kipimo hicho, kwa sababu si kimo kibaya kwa uzio; kilichomshtua ni viatu.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi, hata hivyo, niliona neno "uzio" limerudiwa mno katika fomu na linachosha macho, nikabadilisha swali la kwanza kuwa "Aina ya ua". Siku mbili baadaye likaja jibu la neno moja: "Waridi."

Nilicheka peke yangu. Katika sentensi za kawaida sarufi hutuokoa, kwani ua langu huwekwa kwenye chombo chenye maji na ua wangu huzuia mbuzi wa jirani. Lakini katika "aina ya ua" upatanisho wote umechukuliwa na aina, na ua limebaki, au umebaki, bila wa kulitetea. Nilimwandikia mteja barua pepe ndefu yenye heshima nyingi, nikimweleza kwamba biashara hii haihusiki na maua, na nikampelekea mzee nakala ili naye acheke.

Mzee hakucheka. Mteja pia hakucheka: alijibu kwamba alitaka ua wa mimea, wa waridi lenye miiba, pamoja na nguzo na nyaya za kulishikilia mpaka likomae, na kwamba alidhani fundi wa uzio angejua jambo hilo. Nilipotafuta habari niligundua kwamba huko Marekani, tangu miaka ya 1930, idara ya serikali ya kuhifadhi udongo iliwahimiza wakulima kupanda waridi la Rosa multiflora liwe uzio hai wa mifugo, mpaka likasambaa na kugeuka magugu. Nilirudi kwenye jibu lake nikalisoma lote kwa mara ya kwanza. Urefu mita 60, kimo mita 1.5, lango 1, ardhi yenye mteremko upande mmoja. Ilikuwa fomu pekee iliyojazwa bila kosa lolote.

Mzee aliniomba namba ya mteja huyo ili amtake radhi mwenyewe. Nilimpa, na safari hii nilikumbuka kumwambia aanze na sifuri.