Sukari Niliyopewa na Majirani

Leo asubuhi makanga wa matatu ya Free Area, mtaa wetu, amemwinua msichana wa watu kutoka kiti cha mbele ili niketi mimi. "Kaa hapa mzee, usichoke. Tumesikia mambo ya sukari. Pole sana." Nikaketi, ningefanyaje? Mama aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega na kuniuliza kama nimejaribu mbegu ya avokado: unaanika, unasaga, unakunywa na maji ya uvuguvugu. Makanga naye, pole zilipomwishia, akanitoza hamsini, na jua limewaka mpaka ukingo wa kreta ya Menengai unauona wote. Hamsini ni ya mvua! Kila mtu anajua hamsini ni ya mvua. Lakini mgonjwa atabishana vipi na nauli?

Mimi sina sukari. Naandika hivi ili walau mtu mmoja katika Nakuru nzima ajue. Nilichokuwa nacho ni daftari.

Habari ya daftari ilianzia kwa kijana mmoja wa elimu ya fedha aliyealikwa kwenye chama chetu. Suti ya samawati, viatu vimechongoka mbele kama vya kutobolea kitu. Akatuambia pesa haiishi kwa mambo makubwa, inaishia kwenye vile vitu vidogo tusivyoviandika. Akauliza nani hapa hunywa chai ya saa nne. Mimi nikawa wa kwanza kuinua mkono, nikidhani inagawanywa. "Chai ishirini, mandazi matatu thelathini, jumla hamsini. Zidisha kwa siku 365. Ni 18,250 kwa mwaka." Ukumbi mzima ukashusha pumzi kama uliosomewa tanzia. Mimi Jumapili sifanyi kazi, wala Krismasi, lakini nikanyamaza. Hesabu ya watu huwezi kuichafua.

Kesho yake nikanunua daftari na kalamu. Nikaandika kwa mwandiko wa shule: Daftari, 60. Kalamu, 20. Nikautazama ule ukurasa. Dakika tano za kuweka akiba na tayari themanini imekwenda.

Nisidanganye, pa kukata palikuwapo. Si kwenye mshahara, huo unakatwa kabla yangu: asilimia 2.75 ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, na mkopo wa Sacco unaosubiri mlangoni. Ukinifikia umeshasalimiana na watu wote njiani na kila mmoja amebaki na kidole. Mama yangu kule Molo nikimtumia mia tano kwa simu nakatwa saba, yeye akienda kuitoa anakatwa 29, kwa hiyo hunipigia simu kwanza kunikumbusha nitume na ya kutolea. Mama mzazi hakatwi. Kinyozi ndiye nilimkata. Mama Kevo akashika mkasi, na tangu siku hiyo navaa kofia hata ndani ya nyumba. Nauli nayo nikaikata, nikawa natembea hadi mjini, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, mpaka kiatu cha kulia kikafungua mdomo pale Section 58 mbele ya watu. Fundi akataka 250.

Halafu kuna mafuta ya kupikia. Kijana wa suti alituambia rejareja ni umaskini, tununue kwa jumla. Nikanunua jerikeni ya lita tano. Jamani, mafuta ya kupima yana adabu! Ukiyanunua ya ishirini, yanakaa kwenye kikombe, yanajua leo ni sukuma na nyanya moja, basi. Lakini weka jerikeni jikoni uone. Jumanne tulikula chapati. Jumanne! Nikauliza kuna mgeni gani, nikaambiwa hakuna, "si mafuta yapo?" Alhamisi viazi vikaelea. Jirani wa mlango wa tatu, ambaye miaka miwili alikuwa akinisalimia kwa kope tu, akaja na kikombe kuomba kidogo, na kikombe chenyewe kilikuwa cha nusu lita. Jerikeni ilimaliza siku kumi na moja.

Sasa tuje kwenye chai.

Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi, upande wa stoo, kuna kibanda cha mama mmoja. Miaka sita nimekunywa chai pale. Nikifika tu anajua: kikombe cha bati chenye kovu la bluu, mandazi matatu, moja liwe limeungua kidogo pembeni. Jumatatu ile nikapita na themosi mpya ndani ya koti, 950, nimeiandika. Nilijua nimeificha, kumbe ilikuwa imenitokeza ubavuni kama mtu aliyeiba kuku.

"Baba Kevo, umepita."

"Nimepita mama, nina kazi nyingi leo."

"Haya."

Hiyo "haya" yake mtu angeweza kuanikia nguo, ilivyokuwa ndefu.

Jumanne nikapita tena. Jumatano akamtuma kijana wake aniletee kikombe kimefunikwa kwa sahani. "Mama amesema hii ni ya bure, kama shida ni pesa." Mbele ya wateja, na mbele ya bosi! Mimi ni mtu wa heshima zangu, nina miaka arobaini na saba. Ningesema shida ni pesa, kufikia jioni ningekuwa nimeachishwa kazi kwa midomo ya watu. Ningesema nabana matumizi, ningekuwa bahili, na bahili kwetu haoleki wala hazikwi vizuri. Nikajikuta nasema, "Mwambie mama asante, ni vile tu nimeambiwa nipunguze sukari."

Basi. Maneno hayo tu. "Nimeambiwa", bila kusema na nani. Na kweli niliambiwa, na kijana wa suti.

Nilichosahau ni kwamba mama wa chai anaishi Free Area, ploti ya tatu kutoka yetu, na ndiye katibu wa jumuiya yetu ya kanisa.

Alhamisi mama mboga akakataa kuniuzia viazi. Akanifungia managu na kunitazama kama anayeniaga. Ijumaa nikitoka kazini nikasimamishwa karibu na Soko la Wakulima na mama wa miti shamba ambaye sijawahi hata kumsalimia. Alikuwa na chupa tayari, jina langu limeandikwa kwenye plasta: BABA KEVO. Mwarobaini uliochemshwa ukawa mweusi. Nikasema asante mama, lakini sina haja. Akasema hataki pesa yangu, ila dawa ikitolewa bure hukataa kufanya kazi, kwa hiyo nimpe chochote tu. Nikampa hamsini. Akasema na hiyo nayo itakataa. Ilikubali kwenye mia mbili.

Nyumbani nikamkuta Mama Kevo amekaa gizani. Nikadhani tokeni zimeisha. Kumbe ni mimi. "Miaka kumi na tisa," akasema, "na habari za mwili wako naletewa na mama wa chai?" Nikamweleza ukweli wote, daftari, themosi, suti ya samawati. Akanisikiliza hadi mwisho, akashika mkono wangu na kusema hata mjomba wake alianza hivyo hivyo, kwa kukataa. Nikanywa mwarobaini ili amani irudi. Ukitaka kujua ladha yake, lamba betri.

Jumapili baada ya misa jumuiya ikaja. Watu saba, na mwenyekiti, na kijana mmoja wa gita ambaye hakuambiwa aje. Sasa, mgonjwa akitembelewa, wageni hawakai mikono mitupu. Nikatumwa dukani, mimi mgonjwa, kwa miguu yangu: mikate miwili mikubwa, maziwa pakiti nne, sukari, siagi. 680. Nikarudi, nikaketishwa kwenye kiti changu, nikafunikwa shuka magotini, na chai ikaletwa. Yao ilikuwa ya maziwa, imeiva mpaka ina rangi ya tofali. Yangu ilikuwa ya rangi, bila sukari, kwenye kikombe cha peke yangu. Mbele yangu watu wanane wakaanza kupaka siagi. Siagi yangu. Mwenyekiti alikuwa akipaka pande zote mbili, Mungu ni shahidi yangu, pande zote mbili za mkate, huku akitoa neno la kutia moyo kuhusu Ayubu.

Nikanyoosha mkono kwenye kipande cha pembeni, kile kigumu kisichotakiwa na mtu. Watu watatu wakaudaka kwa pamoja.

Kumbe mmoja wao ni nesi, na alikuja na kile kimashine. Moyo ukanipiga kwa furaha, nikajua sasa ukweli umefika. Nikatoa kidole mwenyewe. Akanidunga, akaweka tone, nyumba ikatulia hata gita likanyamaza. 5.2. "Hii ni ya mtu mzima kabisa," nesi akasema, "haina shida yoyote."

Nikafungua mdomo niseme, mnaona? Mama wa chai akaniwahi: "Mwarobaini!" Wakapiga makofi. Mwenyekiti akaomba jina na kibanda cha yule mama wa Wakulima, watu wakaandika kwenye simu. Akaongeza kwamba sasa nisilegeze kamba hata siku moja, maana hali hii hurudi kwa nguvu.

Kisha mweka hazina akasimama na bahasha. 1,150, zimechangwa na majina yamesomwa, nani mia, nani hamsini. Ningefanya nini? Niirudishe niseme naumwa na daftari? Nikaipokea kwa mikono miwili na macho yakanilengalenga, na hayo hayakuwa ya kuigiza, nilikuwa natazama mkate wa mwisho ukiondoka. Mama Kevo akaichukua bahasha mkononi mwangu kabla haijapoa. Sasa nina deni na watu saba. Mmoja wao akipiga chafya tu, mimi ni mia.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoweka akiba. Saa nne nikibanwa kabisa na hamu, namwambia bosi naenda kliniki, napanda boda hadi Bondeni ambako hakuna anayenijua, hamsini kwenda na hamsini kurudi, nikanywe chai ya ishirini na mandazi ya thelathini nimeupa mlango mgongo. Kwenye daftari naandika: Dawa, 150. Na mandazi yenyewe si yale. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 tulipopandishwa cheo tukawa jiji, andazi nalo limejiona la mjini, limekonda kiuno, ndani ni upepo mtupu. Zamani andazi moja ulikuwa ukilitia kwenye chai, kikombe kinapanda. Siku hizi linaelea pale juu kama mtumbwi, unalisukuma kwa kidole linarudi.

Themosi ipo, ingawa kile kifuniko chake cha juu kinachogeuka kikombe kimepotea. Nimetafuta chini ya kitanda, nimetafuta stoo kazini, nimemuuliza Kevo. Anasema hajakiona. Kevo huyu huyu ambaye jana nilimpita nje akijenga barabara na wenzake, wanapima mchanga kwa kitu chekundu chenye mshikio.