Siku Hizi Hanunui Dumu

Kila jioni baada ya Magharibi, bi mkubwa mmoja wa mtaa wetu huja dukani na chupa ya lita moja kununua mafuta ya kupikia. Ni mpishi wa mahamri na mbaazi, na hapa Majengo, Mombasa, wengi wetu tumekua kwa mahamri yake. Mwenye duka humtilia mafuta kwenye chupa, humfungia sukari nusu kwenye gazeti na kumpimia unga wa ngano wa kesho, basi. Bi mkubwa hulipa kwa sarafu na noti za hamsini alizozipata asubuhi, mwenye duka akazihesabu mara mbili, na kila mtu akaenda zake.

Zamani hakuwa akinunua hivi. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kumbebea. Alikuwa akinunua mafuta kwa dumu, lita 20 kwa pamoja, na unga kwa robota zima, kutoka kwa wauzaji wa jumla kule Kongowea. Mkokoteni ulimletea hadi mlangoni. Dumu moja lilimchukua siku kadhaa, na likikaribia kwisha hela ya dumu jingine ilikuwa tayari imo kwenye mkebe.

Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka mingi, kazi yangu ni hesabu, na kila serikali inapotangaza jinsi uchumi ulivyofanya mwaka uliopita huwa nasoma hadi majedwali ya mwisho. Siyadharau. Wale wanaosema takwimu za Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, ni za kupikwa tu, huwa nawauliza wamezisoma lini. Lakini nimefika mahali naamini kwamba tunaisoma ripoti ile kwa kuanzia mlango usiofaa. Tunakimbilia asilimia ya ukuaji. Mimi ningeanza kwa kuuliza: mwaka huu watu wananunua kwa kipimo gani?

Chukua mwaka 2020. Mwisho wa mwezi Machi ikaja kafyu ya korona, mwezi Aprili tukafungiwa kaunti, hakuingia mtu wala hakutoka, na mwezi Mei Mji wa Kale ukawekewa vizuizi. Muuza mahamri hutegemea watu wanaotoka alfajiri: mahamali, madereva wa tuktuk, vibarua wa bandarini, watoto wa shule. Wote wakapotea barabarani. Bi mkubwa hakufunga kwa sababu ya kukosa ari. Alikula mtaji. Hela ya dumu ikanunua chakula cha nyumbani, kisha dawa, kisha kodi ya chumba. Kwenye vitabu, uchumi wa Kenya ulisinyaa mwaka ule kwa asilimia 0.3. Ukiisoma namba hiyo peke yake utadhani tuliteleza kidogo tu.

Halafu mwaka 2021 uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 7, na watu wakashangilia. Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Ukuaji hupimwa kwa kulinganisha na mwaka uliotangulia, na mwaka uliotangulia ulikuwa wa kafyu. Mtu akitoka kitandani baada ya homa akatembea hadi msikitini, utasema mwendo wake umeongezeka sana kuliko jana, na utakuwa umesema kweli, lakini hujasema kama amepona. Bi mkubwa naye alirudi barazani kwake mwaka huo, akawasha jiko, akauza. Mauzo yake yaliongezeka kweli. Ila alirudi na lita moja, na hadi leo yuko kwenye lita moja.

Tofauti ya dumu na lita si ya ujazo peke yake. Anayenunua kwa dumu hulipa kidogo kwa kila lita. Anayenunua lita moja moja hulipa zaidi, na yule mtoto anayetumwa na mamake mafuta ya shilingi 20 hulipa zaidi kuliko wote. Nimeyapiga mahesabu haya pale pale kaunta, na mwenye duka hakubisha. Alisema naye akinunua kidogo huuziwa ghali. Kwa hiyo bei ya mafuta inaweza kukaa pale pale mwaka mzima, na bi mkubwa akawa amepandishiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeshuka kipimo.

Mfumko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda kwa mwaka, hauwezi kukuonyesha jambo hili. Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6, na Oktoba 2024 ukashuka hadi 2.7. Ni mafanikio, sitayakanusha, na Benki Kuu ilistahili pongezi. Lakini nimesikia watu wazima wenye elimu zao wakisema "bei zimeshuka." Bei hazikushuka. Ziliendelea kupanda, polepole. Kilichopanda mwaka 2022 kilibaki juu, kikaongezewa kidogo. Tena kapu la bidhaa ambalo KNBS hulitumia kupima bei limekipa chakula karibu thuluthi moja tu ya uzito wote, kwa kuwa ni kapu la wastani wa nchi nzima. Kwenye nyumba nyingi za huku Majengo, na Likoni na Bangladesh kule Jomvu, chakula hula zaidi ya nusu ya kinachoingia. Unga ukipanda, kapu la taifa linatikisika na nyumba hizi zinaanguka.

Wastani una kawaida ya kuficha. Mombasa ni miongoni mwa kaunti zenye pato kubwa kwa kila mkazi nchini Kenya. Namba hiyo ni ya kweli, na siri yake unaiona kutoka kivuko cha Likoni: kreni za bandari. Mwaka 2024 bandari ilishughulikia zaidi ya tani milioni 41 za mizigo, na kwa mara ya kwanza kontena zikavuka milioni 2, kwa hesabu ya kontena za futi 20. Nilifurahi, kwa kuwa mizigo ndiyo kazi yangu. Ila pato la taifa halihesabu mzigo, huhesabu thamani iliyoongezwa hapa. Kontena la Kampala likishuka Kilindini, kinachobaki Kenya ni ada ya kulishusha na kulihifadhi, nauli ya trela au reli, na mishahara ya wanaolishughulikia. Na hata hicho kinachobaki Kenya, si lazima kibaki Mombasa. Watu wa hapa walijifunza hayo mwaka 2019, serikali ilipoamuru mizigo ipelekwe kwa reli mpya ya kisasa, SGR, moja kwa moja hadi bara. Nilishuhudia yadi za Miritini na Changamwe zikiota majani. Waliokuwa wakiuza chai kwa madereva wa trela walifunga vibanda, maajenti wakapunguza wafanyakazi, na kampuni niliyokuwa nayo ikatuacha sita kwa siku moja. Mwaka ule uchumi wa Kenya ulikua vizuri. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, mizigo ikarudi kutolewa hapa, na baadhi yetu tukarudi kazini. Siwezi kusahau kwamba kwenye jedwali la taifa, miaka ile mitatu yetu haionekani.

Nilipokuwa nje ya kazi, laiti mtu wa takwimu angenihoji angeandika kwamba nimeajiriwa. Sitii chumvi. Kwa vipimo vinavyotumika duniani kote, ukifanya kazi ya kipato hata saa moja kwa wiki, wewe si mtu asiye na kazi. Mimi nilikuwa nikiwajazia watu fomu za forodha kwa shilingi mia mbili, siku mbili kwa wiki. Ripoti ile ya KNBS ya 2025 ilisema kwamba mwaka 2024 nafasi mpya za kazi zilikuwa takribani 782,000, na kati ya hizo kama 703,000 zilikuwa za juakali, yaani kazi zisizo rasmi. Tisa katika kila kumi! Naiheshimu juakali, ndiyo iliyonilisha. Lakini kazi ya juakali ni pamoja na kijana mwenye karakana na wanagenzi watatu, na ni pamoja na mama aliyetandika nyanya tano kwenye gunia kwa sababu mumewe ameachishwa kazi. Ukiwajumlisha hao wawili ukaandika "nafasi mbili mpya," umehesabu sawasawa na hujasema kitu.

Jedwali ambalo ningetaka lisomwe redioni ni la mishahara halisi, yaani mshahara baada ya kuondoa kupanda kwa bei. Lipo, ndani ya ripoti hiyo hiyo, na baada ya janga la korona limekuwa likionyesha mshahara wa mwajiriwa ukipungua nguvu mwaka baada ya mwaka huku uchumi ukikua. Juu ya hapo weka makato: ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 ya mshahara, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Anayelipwa mshahara ndiye mteja wa anayeuza mahamri. Akipunguziwa, hachukui mahamri manne tena, huchukua mawili, chai akanywa nyumbani. Ndivyo njia inavyopita kutoka kwenye payslipu hadi kwenye chupa ya lita moja, na hakuna aliyemwibia mtu.

Shilingi nayo niiseme kwa kifupi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, kisha kufikia katikati ya mwaka ikatulia karibu na 129 na hadi mwaka 2025 haikuyumba sana. Ofisini kwetu tuliihisi mara moja, kwa sababu ushuru wa forodha hupigwa kwa thamani ya mzigo iliyogeuzwa shilingi. Shilingi ilipoanguka, ushuru ulipanda bila bunge kupitisha lolote, na ilipoimarika ukashuka. Nilingojea bei madukani nazo zishuke kwa kiasi kile. Chache zilishuka. Wafanyabiashara walikuwa na madeni ya kulipa, na kwa kweli nchi pia. Deni la taifa lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023, na katika kila shilingi mia za kodi tunazokusanya, zaidi ya hamsini huishia kulipa madeni. Kwa hiyo hata Hazina ya Kitaifa hainunui kwa dumu. Nayo hukopa ili ilipe la jana, kwa riba ya juu, kama mtu anayenunua mafuta ya ishirini.

Kuna wanaoniambia kwamba ninapima nchi kwa mwanamke mmoja. Hoja hiyo naikubali nusu. Bi mkubwa angeweza kuwa amezeeka tu, au wateja wamehamia kwa mpishi mwingine. Ndiyo maana sikuishia kwake. Nimewauliza wenye maduka wanne, kutoka Majengo hadi Mwembe Tayari, mfuko gani wa unga unatoka haraka, na wote wanne wamesema wa kilo moja umeupita wa kilo mbili. Nimemuuliza muuzaji wa jumla kule Kongowea, akaniambia wateja wake ni wale wale, wanakuja mara nyingi zaidi na wanachukua kidogo zaidi, hata jumla ya mauzo yake kwa mwezi haijapungua. Sikiliza vizuri hapo: mauzo yake hayajapungua. Mtu wa takwimu akipita kwake ataandika biashara imara, na hatakuwa amekosea. Kinachobadilika ni idadi ya safari, na nauli, na lile shaka la kila jioni kwamba kesho hela ya lita itapatikana au la. KNBS wana watu waliosomea kazi hii, na wanatembelea nyumba, na kila mwezi masoko. Kuongeza swali moja kuhusu kipimo anachonunua mtu, na alichokuwa akinunua miaka mitano iliyopita, hakuhitaji sheria mpya wala mkopo.

Wiki mbili zilizopita nilimuuliza bi mkubwa, baada ya shikamoo, nini kingemrudisha kwenye dumu. Nilitarajia aseme bei ishuke, au serikali imkopeshe. Alifikiri kidogo huku akikaza kifuniko cha chupa.

"Nipe siku ishirini bila mgonjwa nyumbani na bila mjukuu kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada, mwanangu. Siku ishirini tu. Nitaweka kidogo kidogo kila siku, na dumu nitalipata."

Dumu lenyewe analo bado, lile lile la zamani, la manjano, analitumia kuwekea maji ya kununua. Tangu siku ile nimekuwa nikihesabu pamoja naye kila tukikutana dukani. Alifika siku ya kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mjukuu alirudi nyumbani saa nne asubuhi, begi mgongoni.