Notisi ya Miezi Sita

Jamani, kijiwe chetu cha Kirumba kimeharibika. Mvua imeloanisha dagaa wa watu pale Mwaloni, bei imevurugika, mtu unakuja na uchungu wako upate wa kukupa pole, unakuta wote wamemzunguka Mwalimu mstaafu, kashata mkononi, wanajadili mkataba wa makombora wa mwaka 1972!

Eti Nixon, rais wa Marekani, na Brezhnev, mkubwa wa Urusi ya Kisovieti, walikutana Moscow wakakubaliana wasijikinge. Nikasema, Mwalimu, hebu rudia. Akarudia: ukiwa na mitambo ya kudungua makombora, mwenzako ataogopa utampiga kwanza halafu ujifiche nyuma ya mitambo yako. Naye ataongeza makombora, nawe uongeze, mpaka kiama. Basi wakaruhusiana vituo viwili kila mmoja, na mwaka 1974 wakapunguza kikabaki kimoja kimoja. Mrusi akakinga Moscow, mji wake. Mmarekani akaenda kukinga makombora yake huko North Dakota, maporini. Wananchi je? Mungu yupo.

Mkataba ukaenda Seneti ya Marekani, ambako bila theluthi mbili hupiti. Ukapita kwa kura 88 dhidi ya 2. Hao wawili nawajua kwa tabia. Kwenye kikao cha wapangaji cha bili ya maji tunao.

Sasa sikia vituko. Kile kituo cha North Dakota, kilichokula mabilioni ya dola, kilianza kazi kamili tarehe 1 Oktoba 1975. Tarehe 2, Baraza la Wawakilishi likapiga kura kifungwe. Kesho yake! Nikapaliwa na kahawa, na muuzaji akanidai hata ile iliyomwagika.

Lakini kilichoniuma ni namna Wamarekani walivyotoka kwenye mkataba. Kuingia, maseneta wamejadili na kupiga kura. Kutoka, Desemba 2001 Rais Bush katoa notisi tu, Seneti haikupigishwa kura yoyote, na Juni 2002 mkataba ukawa umekufa. Miezi sita, na imeandikwa humohumo ndani ya mkataba!

Yaani Mrusi, na makombora yake yote ya nyuklia, kapewa miezi sita ajipange. Mimi mwenye godoro, jiko la mkaa na gunia la dagaa mbichi nimepewa mpaka Jumamosi, tena kwa mdomo, na mtoto wa mwenye nyumba aliyekuja kuomba chumvi. Na chumvi nikampa.